Shajara ya mradi: kutafuta vinasaba vya saratani ya matiti tukiwa Mtwara

19 Februari 2024: tunaanza, na kosa la kwanza tayari

Naandika kwa sababu wenzetu wawili, mmoja Lindi na mwingine Songea, wanataka kuanza kazi kama hii, na kila tukiongea kwa simu nasahau nusu ya mambo. Anayetaka kuiga na aige, ila asiruke sehemu za makosa. Ndizo nyingi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mgonjwa wa saratani ya matiti anayefanyiwa upasuaji hospitalini kwetu, akiridhia, tunachukua kwake vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha uvimbe, ili ijulikane uvimbe huo unasukumwa na nini: una vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, una protini ya HER2 iliyopitiliza, au hauna chochote kati ya hivyo. Cha pili ni damu mililita 4, ili zisomwe jeni alizozaliwa nazo, hasa mbili zinazohusika na saratani ya matiti ya kurithi: BRCA1 iliyoko kwenye kromosomu ya 17 na BRCA2 iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Mtwara tunakusanya na kutunza. Kupaka vipande rangi ya kuonyesha vipokezi na kusoma jeni kunafanyika Dar es Salaam. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tunacho. Tuko wanne: mimi wa maabara, daktari wa upasuaji, sista wa thieta, na kijana wa kujitolea anayehoji familia.

Kosa la kwanza tulilifanya mezani. Andiko letu lilisema tutapima mabadiliko matatu tu ya jeni, mawili ya BRCA1 na moja la BRCA2, kwa kuwa kipimo chake ni rahisi na bei yake nafuu. Matatu hayo yanajulikana sana kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, waliyoyarithi kutoka kwa mababu wachache. Mshauri wetu wa Dar alisoma, akapiga simu akicheka: "Mnatafuta mbuzi wa Tandahimba kwa alama ya sikio ya mbuzi wa Poland?" Protini inayotengenezwa na jeni ya BRCA1 ina asidi amino, yaani viungo vinavyoijenga, 1,863 na ya BRCA2 ina 3,418. Kosa linaweza kukaa popote humo, kwa hiyo jeni lazima isomwe mwanzo hadi mwisho. Bajeti haikupanda, hivyo idadi ya wagonjwa ikashuka kutoka 100 hadi 40.

6 Machi 2024: chupa na formalini

Sampuli ya kwanza ililetwa ndani ya glavu iliyofungwa fundo, kavu. Ya pili ililetwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Nyama mbichi ni laini, ukiisukuma inapita shingoni mwa chupa. Ikishakaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, inakuwa ngumu kama kandambili, na haitoki. Tulikata chupa kwa mkasi wa bati, formalini ikamwagika mezani, macho yakatuwasha mpaka jioni.

Sasa tunatumia ndoo ndogo za plastiki za lita moja zenye mdomo mpana na mfuniko wa kubana, sh 1,500 kila moja sokoni. Tumenunua 30.

Formalini iliyokuwapo ilikuwa ya zamani, ina mashapo meupe chini, na haikuwa na chumvi za kutuliza asidi. Formalini ya namna hiyo huzidi kuwa chachu kadiri inavyokaa, na uchachu huo unakatakata vinasaba. Tumetengeneza yetu. Kwa lita moja: formalini kali mililita 100, maji yasiyo na madini mililita 900, fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili gramu 4, na ile yenye hidrojeni moja, kavu kabisa, gramu 6.5. Maji tunayotumia ni ya betri, yale ya kuongezea. Soma kibandiko vizuri, maana dukani asidi ya betri inakaa rafu hiyo hiyo.

Gharama hadi leo: sh 163,000 pamoja na ndoo.

27 Machi 2024: fomu ya ridhaa imetuangusha

Wanawake saba wameombwa, watano wamekataa. Nilidhani ni Ramadhani, kwamba hawataki kutolewa damu wakiwa wamefunga, na kweli wawili walisema hivyo. Hao tumekubaliana warudi baada ya Idi. Watatu waliobaki walikuwa na sababu nyingine, na nisingeijua kama mume wa mmoja wao, kutoka Nanyamba, asingenivuta pembeni kwenye korido.

"Dada, mimi nimemleta mwenzangu kutibiwa. Mambo ya DNA ya watoto hatukuyaongea nyumbani."

Nikaelewa. Fomu yetu imeandika "kipimo cha DNA" kwa herufi kubwa juu kabisa. Huku kwetu DNA ni neno la Mkemia Mkuu, ni kesi ya mtoto wa nani. Mwanamke anaumwa ziwa, sisi tunamwekea mbele karatasi ambayo mumewe anaisoma kama hati ya mashtaka. Bibi mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama sisi ndio wale mumiani waliokuwa wakisemwa zamani, maana damu inakwenda Dar na hawaambiwi inarudi lini. Sikucheka. Swali la damu yangu inakwenda wapi ni swali la haki.

Fomu mpya inasema "chembe za urithi", na sentensi ya pili inatamka wazi kwamba hatupimi watoto na hatulinganishi mtoto na baba. Inataja pia damu inakwenda maabara gani, inakaa muda gani, na kwamba mtu anaweza kuomba imwagwe. Imebidi mabadiliko hayo yapitishwe tena na kamati ya maadili, wiki tatu zimekwenda. Fanyeni hili mapema.

22 Aprili 2024: uvimbe unaodanganya

Hii ndiyo siku iliyobadilisha mradi, kwa hiyo nitaiandika kwa urefu.

Majibu ya vipande 11 vya kwanza yamerudi. Tisa kati ya hivyo havina kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala HER2. Kijana wetu alifurahi, akasema tumegundua jambo, kwamba Kusini saratani ni ya aina ile kali isiyo na vipokezi. Aina hiyo ni kweli inaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, kuliko kwa Wazungu. Lakini tisa kati ya kumi na moja? Daktari wetu alinyamaza, kisha akauliza swali moja: mifereji ya kawaida imeshika rangi?

Ngoja nieleze. Unapopaka rangi ya kutafuta kipokezi cha estrojeni, seli zenye kipokezi zinageuka kahawia kwenye kiini. Kando ya uvimbe, kwenye slaidi hiyo hiyo, mara nyingi kunabaki mifereji ya maziwa isiyo na ugonjwa, na baadhi ya seli zake lazima ziwe kahawia, maana ziwa zima lina vipokezi hivyo kwa kawaida yake. Mifereji hiyo ni shahidi. Ikiwa nayo ni myeupe, basi kipimo kimekufa, na huwezi kusema lolote juu ya uvimbe.

Tulimpigia mpatholojia, daktari anayesoma slaidi hizo, akazitazama tena slaidi zote tisa. Sita mifereji yake ilikuwa myeupe. Mbili hazikuwa na mifereji kabisa. Moja tu ndiyo iliyokuwa na shahidi wa kuaminika.

Kwa hiyo vipokezi viliozea kwetu, kabla havijafika Dar. Tulikaa na sista tukafuatilia njia ya ziwa moja tangu linapotoka mwilini. Kadi ya muda ilionyesha dakika 20 kila mara, saa 4:00 hadi saa 4:20, wagonjwa wote, safi kabisa. Safi mno. Sista akakiri bila kuzunguka kwamba kadi zilikuwa zinajazwa zote kwa pamoja mwisho wa zamu, kwa sababu wakati wa upasuaji mikono yake ni miwili na kazi ni nne. Kwa kweli ziwa lilikuwa linakaa kwenye beseni mpaka mgonjwa ashonwe, asafishwe, atolewe. Saa mbili, wakati mwingine tatu, kwenye joto la Mtwara, kwa sababu kiyoyozi cha thieta kiliharibika Januari.

Halafu likiingia kwenye ndoo linaingia zima. Formalini inapenya kama milimita moja kwa saa. Ziwa la unene wa sentimita nane, ukilitumbukiza zima, ngozi ya juu inaiva na katikati panaoza, sawa na muhogo mkubwa uliochomwa kwa moto mkali: nje umekauka, ndani mbichi. Na vipande vya Ijumaa vilikuwa vinakaa mpaka Jumanne, vimepita saa 72.

Kilichonikosesha usingizi si utafiti. Majibu yale yalikuwa yamekwishaingia kwenye mafaili ya wagonjwa. Mwanamke mwenye kipokezi cha estrojeni anapewa tamoksifeni, kidonge cha bei ndogo cha kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na kinapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ukiandika "hana" kwa sababu ndoo yako ilichelewa, humpi. Daktari aliwaita wote tisa. Watano walikuwa wamechomwa sindano nene ya kutoa kinyama kabla ya upasuaji, na vinyama vile vyembamba kama uzi vilikuwa vimeingia formalini papo hapo na kuiva vizuri. Tumeomba vipimwe upya.

Tulichobadilisha:

Ziwa likitoka tu, msaidizi mmoja analikata mikato ya sentimita moja moja kama mkate, bila kutenganisha kabisa, anaweka vitambaa vya pamba katikati ili dawa ipite, kisha ndani ya formalini mara kumi ya ujazo wake. Ndoo za lita moja hazitoshi, tumeongeza za lita kumi. Muda hauandikwi kwenye kadi tena. Unaandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko wa ndoo, mara mbili, mbele ya saa ya ukutani ya sh 12,000 tuliyoinunua wenyewe. Lengo ni chini ya saa moja nje, na kati ya saa 6 na 72 ndani. Wagonjwa wa mradi hawapasuliwi Alhamisi wala Ijumaa. Na kinyama cha sindano kinachukuliwa kwa kila mgonjwa, hata kama upasuaji ni kesho.

11 Mei 2024: Hidaya

Kimbunga Hidaya kilipiga pwani tarehe 4. Barabara ikakatika Somanga, na basi lililobeba boksi letu la damu za wagonjwa sita likakwama kwenye foleni, halafu likageuza. Mzigo umenirudia siku ya nne. Barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu, na damu imegeuka rangi ya juisi ya ukwaju. Imekufa yote. Bloku za nta, yaani vipande vya uvimbe vilivyogandishwa ndani ya nta, zilizokuwa kwenye boksi hilo hilo ziko salama kama zilivyoondoka.

Konda hakutaka hata nauli ya kurudisha. Alisema watu walilala barabarani na watoto, boksi letu lilikuwa ndani, halijanyeshewa.

Uamuzi: damu haisafiri tena. Tutatoa vinasaba hapa hapa, tutume vinasaba vyenyewe. Vikiwa kwenye maji yake yenye bafa, yaani chumvi za kutuliza asidi, vinastahimili safari ya wiki nzima bila barafu.

30 Juni 2024: chumvi na chupa ya chai

Tumechagua njia ya chumvi, iliyochapishwa mwaka 1988, kwa sababu haihitaji klorofomu wala vifaa vya bei. Kwa kifupi: unaosha damu kwa dawa ya kupasua seli nyekundu, unazungusha kwenye sentrifuji, unamwaga, unarudia mpaka mashapo yawe meupe. Hizo ndizo seli nyeupe, zenye vinasaba. Unazipasua kwa sabuni ya maabara na kimeng'enya cha kula protini, kinachoitwa proteinesi K, usiku kucha kwenye nyuzi 55. Asubuhi unaongeza chumvi iliyokolea kabisa, gramu 35 katika mililita 100 za maji, unatikisa kwa nguvu sekunde 15, unazungusha. Protini zinashuka chini, vinasaba vinabaki juu. Unamimina juu ya hayo etanoli mara mbili ya ujazo wake. (Kijana aliuliza kama chumvi ya Lindi ingefaa, imejaa tele na ni rahisi. Hiyo tunawaachia samaki, ina magnesi na mengine mengi.)

Mara nne za kwanza zilishindikana. Mbili ni uzembe wangu: sikuosha seli nyekundu mara tatu, nikaharakisha, na mchanganyiko ukabaki na wekundu ambao haukutoka tena. Mbili ni umeme. Ulikatika saa saba usiku, beseni la maji ya moto likapoa, proteinesi ikalala kazi ikiwa nusu. Majibu ya Dar yalionyesha uwiano wa mwanga unaofyonzwa, kipimo cha usafi wa vinasaba, wa 1.5, wakati vinasaba safi vinatoa kama 1.8. Maana yake protini zimebaki.

Jenereta ya hospitali inahudumia thieta na wodi ya wazazi, na ndivyo inavyopaswa. Dawa tuliipata jikoni kwa dada mpishi: chupa ya chai ya lita tatu. Unajaza maji ya nyuzi 58, unatumbukiza tyubu zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, unafunga, unaizungushia blanketi. Nilipima kila saa usiku wa kwanza. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa bado nyuzi 51, na kimeng'enya kinaendelea kula. Sh 38,000, na hakuna bili ya TANESCO.

Mara ya tano nilipomimina etanoli polepole ukingoni mwa tyubu, mpakani mwa maji mawili kukatokea wingu, kisha nyuzi. Nikageuza tyubu taratibu mara kumi. Nyuzi zikajikusanya zikawa kitu cheupe, chepesi, kama ukoko wa dafu changa ukielea kwenye maji yake. Nimekaa kazini miaka kumi na moja napima malaria na wingi wa damu, sijawahi kuona vinasaba vya mtu kwa macho yangu. Nilimwita sista aje aone. Akatazama muda mrefu, akauliza, "Hiki ndicho kilichomuua mama yangu?" Nikamwambia hiki kipo kwa kila mtu, kinachotafutwa ni herufi moja au mbili zilizokosewa humo ndani. Akasema basi ni kidogo sana.

15 Agosti 2024: kifuniko cha kijani

Tyubu za zambarau, zenye EDTA ya kuzuia damu isigande, ziliisha kwenye wilaya mojawapo tunakopokea wagonjwa. Mwenzetu wa huko, kwa nia njema, akatumia za kijani. Za kijani zina heparini, nayo ya kuzuia damu isigande. Damu inaonekana nzuri, vinasaba vinatoka vizuri, halafu kwenye PCR, yaani kunakili vinasaba kwa mashine, hakuna kitu, kwa sababu heparini inazuia kimeng'enya cha kunakili. Wagonjwa wanne. Tulijaribu kuzimua mara 10, kisha mara 50: wawili wakatoa mstari hafifu, wawili kimya. Tumewafuata wale wawili kwa bodaboda na kuwatoa damu upya, sh 44,000 kwenda na kurudi.

Sasa tyubu zinatoka kwetu, zimehesabiwa, zimefungwa pamoja na fomu kwenye bahasha moja. Hakuna fomu isiyo na tyubu yake.

20 Septemba 2024: dada wangapi?

Hapa napo tulijikwaa, na mashine haina lawama.

Fomu ya ukoo tuliitafsiri kutoka fomu ya kizungu. Swali la 4: "Una dada aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" Mama mmoja wa Tandahimba, miaka 38, alijibu wapo watatu. Kijana akaandika watatu, akachora duara tatu nyeusi, tukaona tumepata familia ya kuandikwa vitabuni. Nilipokwenda kumwona wodini baada ya upasuaji nikamuuliza majina na mama zao. Mmoja ni dada yake tumbo moja. Wawili ni watoto wa mama mkubwa. Kwake wote ni dada, na kwa Kiswahili chake hajakosea. Aliyekosea ni aliyeuliza. Dada wa mama mmoja na baba mmoja anachangia naye kama nusu ya jeni, mtoto wa mama mkubwa sehemu ya nane. Ukiwachanganya, hesabu ya hatari inavimba bure.

Kosa la pili likawa kinyume chake. Nikamuuliza, kwa baba je? Shangazi zako?

"Hao wa kwa baba, mwanangu, siwahesabu. Sisi ukoo wetu ni wa mama." (Mimi nimemzidi miaka, lakini mtu wa hospitali akikuuliza kwa upole anakuwa mwanao.)

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wa huku kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno, na watu wa kwa baba wanaheshimiwa lakini hawaingii kwenye hesabu ya ukoo. Sasa BRCA1 na BRCA2 haziko kwenye kromosomu za jinsia. Baba anairithisha kwa binti sawasawa na mama, nusu kwa nusu, na yeye mwenyewe huenda asiumwe ziwa maisha yake yote. Fomu yetu ilikuwa inaona upande mmoja wa kila mgonjwa. Kati ya fomu 23 tulizokuwa nazo, 19 hazikuwa na mtu hata mmoja wa upande wa baba.

Siku ya pili kaka yake alikuja kumtazama, nikarudia swali. Akasema bila kufikiri: shangazi yetu wa Newala si alipelekwa hospitali ya Ndanda akarudi na ziwa moja? Yupo hai mpaka leo, analima korosho.

Hii si kazi ya pembeni. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba jeni ya saratani ya matiti ipo kwenye kromosomu ya 17 kwa kufuatilia familia zenye wagonjwa wengi, miaka minne kabla jeni yenyewe haijapatikana. BRCA2 ikafuata, 1995. Michoro ya ukoo ilitangulia mashine.

Fomu ya sasa, toleo la tano, haina neno dada wala ndugu peke yake. Inauliza: waliotoka tumbo moja nawe, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wajomba, kisha ukurasa mzima wa kwa baba, shangazi, baba wakubwa na wadogo, na bibi aliyemzaa baba. Wanaume wanaulizwa kuhusu tezi dume, kwa kuwa BRCA2 inahusika huko pia. Tunauliza kama kuna mwanamke aliyekufa kwa tumbo kujaa maji, kwa ajili ya saratani ya ovari, ila jibu la ndiyo tunaliwekea alama ya kuuliza, maana ini na kichocho navyo hujaza tumbo. Mahojiano yamepanda kutoka dakika 10 hadi 45, na yanafanyika siku ya kutazamwa wagonjwa, ndugu wakiwepo. Mgonjwa akitaka wasiwepo, hawapo.

Mjomba mmoja wa Masasi aliniuliza kosa hili linafanyaje kazi. Nilimwambia kuhusu washona nyavu. Uzi wa vinasaba hukatika kila siku, kwa mtu yeyote. BRCA1 na BRCA2 ni mafundi wa kushona tobo kwa kutazama upande mzima wa wavu, ili macho ya wavu yalingane. Kila seli ina nakala mbili za kila jeni. Aliyerithi kosa anazaliwa na fundi mmoja mzima badala ya wawili, na siku seli moja ya ziwa ikimpoteza na huyo, matobo yanashonwa ovyo, makosa yanalundikana. "Kwa hiyo si uchawi na si dhambi," akasema. Halafu akauliza kama na yeye apimwe.

Tukumbuke tu, na tunawaambia: wagonjwa wengi hawana kosa la kurithi. Wanaougua kwa kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Waliobaki, makosa yametokea ndani ya ziwa lenyewe, kwenye jeni kama TP53 na PIK3CA, na hayapiti kwa watoto.

28 Novemba 2024: korosho

Mgonjwa mmoja tu mwezi huu. Ni msimu, watu wako mashambani na minadani, na mwenye uvimbe anasema utasubiri mpaka pesa ya korosho iingie. Aliyekuja alikuwa na donda tayari. Tumechukua kinyama cha sindano, tumempa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Hatukumwomba damu siku hiyo.

30 Januari 2025: vipande vipya

Vipande 16 vilivyotunzwa kwa utaratibu mpya vimesomwa. Kumi vina kipokezi cha estrojeni. Mifereji ya kawaida imeshika rangi kwenye vyote vilivyo na mifereji. Nawaomba mnaosoma msichukue namba hizi mkasema Kusini ndivyo ilivyo. Wagonjwa 16 ni wachache mno, na namba hizi zinapima ndoo zetu kuliko zinavyopima wanawake wa Mtwara.

Vile vinyama vitano vya sindano vya mwaka jana: viwili vina kipokezi. Wanawake hao wawili wanameza tamoksifeni tangu Julai. Waliochelewa kuanza miezi hiyo walichelewa kwa sababu yetu, na daktari amewaeleza hivyo hivyo.

10 Machi 2025: herufi moja

Majibu ya jeni ya damu 18 za kwanza. Zimesomeka zote, uwiano kati ya 1.75 na 1.9. Chupa ya chai imefanya kazi.

Yule mama wa Tandahimba ana herufi moja iliyobadilika kwenye BRCA2. Jibu halisemi ni kosa la hatari wala halisemi halina madhara. Limeandikwa "maana yake haijajulikana". Majibu ya namna hii yanawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, kwa kuwa orodha kubwa za kulinganishia zimejazwa zaidi na vinasaba vya watu wenye asili ya Ulaya. Kwa jibu hili hatubadilishi matibabu yake na hatumwambii binti yake chochote. Tumemwambia yeye hivyo, akauliza: "Sasa nani atajua?"

Njia mojawapo ni kutazama kama mabadiliko yanafuatana na ugonjwa kwenye ukoo. Dada yake wa tumbo moja alishafariki. Mama yake amekubali, damu yake ipo kwenye jokofu. Amebaki shangazi wa Newala, aliyerudi na ziwa moja. Akiwa nayo herufi hiyo haithibitishi, lakini inaongeza uzito. Asipokuwa nayo, na mama naye hana, tunaanza kuitilia shaka. Nimeongea naye kwa simu ya kaka mtu. Amesema nije, ila nisije Ijumaa, na nisije mikono mitupu.

Naondoka kesho kwa gari la alfajiri. Tyubu mbili za zambarau pamoja na za akiba mbili, fomu toleo la tano, boksi la barafu, sukari kilo mbili na kanga doti moja. Nauli kwenda na kurudi sh 22,000, kanga nimeilipia mwenyewe.